Ng'ombe wangu wa kwenye kompyuta hawashuki chini ya lita 6

mama_ndoo
Wakuu, habarini. Naandika programu ya kukadiria maziwa ya kituo chetu cha kukusanyia, tujue tuagize tanki la ukubwa gani. Daftari ninaliandika mwenyewe kila asubuhi: wastani lita 6 kwa ng'ombe, mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) 4. Chini ya 0 haiwezekani, na zaidi ya 20 sijamwona.

Kwanza nilichota namba za mgawanyo normali (ule wa umbo la kengele, nyingi karibu na wastani), zilizotoka hasi nikazifanya 0. Ng'ombe zaidi ya 60 kati ya 1,000 wakawa na sifuri kamili. Hawawezi kukauka wote siku moja! Nikahamia SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, nikatumia truncnorm yake, mgawanyo normali uliokatwa kwenye mipaka miwili: truncnorm(0, 20, loc=6, scale=4), loc ikiwa wastani na scale mkengeuko. Sasa hakuna hata mmoja aliye chini ya 6. Nakosea wapi?

kokotoa
Dada, mipaka ya truncnorm haisomwi kwa lita. Inahesabiwa kwa mikengeuko kutoka kwenye wastani. Kwake 0 ni wastani wenyewe, yaani lita 6, na 20 ni 6 + 20×4, lita 86. Weka (0−6)/4 = −1.5 na (20−6)/4 = 3.5.

Ile ya kugeuza hasi kuwa 0 achana nayo. Iliyotoka nje ya mpaka hutupwa, unachota nyingine. Kwa namba zako zitapona kama 93 katika 100.

mzee_nasibu
Kutupa kunafaa hapo tu. Mimi nilihitaji namba zilizopita mikengeuko 5 juu ya wastani: inapatikana moja katika milioni 3.5 hivi, mashine ikakesha. Njia ya moja kwa moja: uwezekano wa kuwa chini ya 0 ni 0.0668, chini ya 20 ni 0.9998. Chota namba yoyote kati ya hizo mbili, zote zikiwa na nafasi sawa, kisha tafuta ni lita ngapi ambazo uwezekano wa kuwa chini yake ni namba hiyo. Ikitoka 0.30, ng'ombe huyo ana lita 3.9.

mama_ndoo
Imekubali, asanteni sana! Ila wastani unatoka 6.55, siyo 6.

kokotoa
Ndivyo inavyopaswa. Umekata mkia wa kushoto (namba hasi), wa kulia (zaidi ya 20) haukuwa na kitu, kwa hiyo wastani umesogea. Na 6 ya daftari lako ni ya ng'ombe halisi, ambao tayari hawana hasi. Tafuta loc iliyo chini ya 6 na scale iliyozidi 4, hadi matokeo yafanane na daftari.

mama_ndoo
Tuna ng'ombe 140. Hiyo 0.55 ya ziada kwa kila mmoja ni lita 77 kwa siku ambazo hazipo. Naanza usiku huu, tanki linaagizwa Ijumaa.