Hivi nani kawaambia walimu wa kemia kwamba pH zinajumlishwa halafu zinagawanywa kwa mbili??

Wakuu, nina hasira na leo sipunguzi maneno.

Mdogo wangu yuko form six PCB, kanitumia picha ya jaribio lake la kemia. Swali la kawaida kabisa: mililita 50 za NaOH (sodiamu haidroksaidi, ni besi) yenye pH 13 zimechanganywa na mililita 50 za NaOH yenye pH 11, tafuta pH ya mchanganyiko. Dogo kajibu 12.7. Kapigwa kosa, pembeni kwa peni nyekundu imeandikwa 12, yaani 13 jumlisha 11 gawa kwa mbili, na waliofanya hivyo wamepewa maksi zote!! Kuuliza, anaoneshwa kitini cha kopi kutoka steshenari, eti ndo kilivyosolvu.

Jamani pH, hicho kipimo cha asidi na besi, ni logi, yaani kila namba moja ni tofauti ya mara kumi. pH 13 maana yake pOH (14 toa pH) ni 1, na OH⁻, ioni inayoifanya iwe besi, ni moli 0.1 kwa lita. pH 11 ni moli 0.001 kwa lita. Moja ni mara mia ya nyingine, sasa zinakutanaje katikati? Tafuteni moli: 0.1 × 0.05 ni 0.005, na 0.001 × 0.05 ni 0.00005, jumla 0.00505, gawa kwa ujazo wote ambao ni lita 0.1, unapata 0.0505. pOH 1.3, toa kwenye 14 (kwa nyuzi joto 25), ni 12.7. Basi.

Na hata bila kalkuleta mtu angeshtuka, maana ile ya pH 13 ukiizimua na maji matupu ya ujazo uleule inashuka 0.3 tu, inakuwa 12.7. Ili ifike 12 lazima uizimue mara kumi. Sasa hapa mmeongezea besi nyingine halafu ishuke kuliko mngetia maji??

Kuna wajuaji wengine nao wanageuza pH zote kuwa H⁺ (ioni za asidi), wanatafuta wastani wa hizo, wanapata 11.3. Hii ndo mbaya zaidi maana ukiiangalia inafanana na hesabu ya kweli. Kwenye besi H⁺ hujumlishi, maji yenyewe yanaipanga upya mpaka H⁺ mara OH⁻ irudi 10⁻¹⁴. Unajumlisha OH⁻, ndo iliyojaa mle.

Ukurasa wa pili wa kitini hichohicho: NaOH 0.1 M (M ni moli kwa lita) na Ba(OH)₂ 0.1 M, ujazo sawa, jibu lao pH 13. Ile mbili chini ya mabano hawaioni! Bariamu moja inaachia OH⁻ mbili, OH⁻ inakuwa 0.15 M, pH 13.18. Halafu wana swali la Ca(OH)₂ 0.5 M, chokaa ambayo kwenye maji haiyeyuki hata kufika 0.03 M, hiyo 0.5 waliipata wapi?

Watoto wanaenda kukaa mtihani wa taifa na madudu haya kichwani. Nampigia mwalimu wa taaluma, nataka maksi za dogo na za wenzake waliopata 12.7 zirudishwe, na wale waliopewa maksi kwa 12 wafundishwe upya. Mwenye hicho kitini shuleni kwao aweke picha hapa, tujue kimefika wapi.