Hilux ya 1999: krwaziyo mpya, lakini kardani inatetemeka kuanzia 75 km/h

Kampemba_5L
Jambo wakubwa. Gari ni Hilux dabulu kabini ya 1999, mota 5L ya mazutu (dizeli), kardani ya nyuma (bomba linalopeleka mzunguko wa mota kwenye magurudumu) ni ya vipande viwili na rulma (beringi) ya katikati. Mwanzo ilikuwa inalia kwi-kwi-kwi ikitembea polepole, na ukitia vitesi (gia) ya kurudi nyuma inapiga "ka!" moja. Krwaziyo (viungo vya msalaba vya kardani) zote tatu zimebadilishwa. Kelele zimeisha, lakini sasa kwenye barabara ya Kasumbalesa, kati ya 75 na 95, sakafu na viti vinatetemeka. Usukani umetulia. Ikipita 100 inapungua. Nikiitoa kwenye vitesi kwa mwendo uleule, hakuna kinachobadilika. Pine za nyuma zimepelekwa mbele na za mbele nyuma, mambo ni yaleyale. Resori zimeongezwa lamu (bapa la chuma) moja kila upande kwa ajili ya mizigo. Pale soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, wananiambia ninunue kardani nzima ya okazyo (iliyokwisha kutumika). Nianzie wapi?

Fundi_Katuba
Usinunue kitu kwanza. Majaribio uliyofanya yameshaondoa nusu ya washukiwa. Ingekuwa mota au ambrayaji (klachi), mtetemo ungebadilika ulipotoa vitesi. Ingekuwa pine, ungehamia kwenye usukani ulipozipeleka mbele.

Piga hesabu: kwa 80 km/h, pine yenye mzingo wa mita 2.2 inazunguka kama mara 10 kwa sekunde. Ponti (ekseli ya nyuma na difu yake) ikiwa ya 4.1, yaani duru 4.1 za kardani kwa duru moja ya gurudumu, kardani inazunguka mara 41 hivi kwa sekunde hiyohiyo. Mtikisiko wa polepole unaoweza karibu kuuhesabu ni gurudumu. Mvumo unaopanda kwenye makalio na kufanya picha kwenye kioo cha ndani isionekane wazi ni kardani. Wewe unaeleza mvumo.

Tatizo limekuja baada ya kufungua, kwa hiyo angalia namna ilivyofungwa. Swali: kabla ya kuitoa, waliweka alama za rangi kwenye flanji (sahani za kuungia kwa bulo) na kwenye meno ya kiungo kinachoteleza? Kama hapana, ninashuku uma (mikono yenye masikio mawili inayoshika krwaziyo) za kipande cha nyuma hazielekeani tena. Krwaziyo inayofanya kazi kwa pembe haipitishi mzunguko sawasawa: kila duru moja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krwaziyo ya upande wa pili ndiyo inafuta hilo, lakini kwa sharti kwamba uma mbili za bomba lilelile zimelala kwenye usawa mmoja. Ukirudisha meno vibaya kwa jino moja tu, na tuseme yako 16, umekosea digrii 22.5. Hapo hata krwaziyo za bei kali hazitakusaidia.

Ingia chini hivi: gari mahali tambarare, mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, nyuma iinuliwe na kukalishwa kwenye vigingi vya chuma, si kwenye kriki (jeki) peke yake. Toa vitesi, legeza breki ya mkono. Zungusha kardani mpaka uma wa mbele wa kipande cha nyuma usimame wima, kisha angalia uma wa kwenye ponti. Nao usimame wima vilevile. Jicho linatosha, lakini rula ya chuma ni bora.

Turnere_Likasi
Ninakubaliana na wa Katuba, ila usisahau kazi ya krwaziyo zenyewe. Fungua bulo (bolti) za flanji (kwanza weka alama!), kamata kiungo na ukikunje kwa mkono pande zote mbili. Kinatakiwa kikunjike laini, bila kukwama na bila kucheza. Kikiwa kigumu upande mmoja, mara nyingi sindano moja ya rulma ililala chini ya kikombe (kifuniko cha ncha ya krwaziyo) wakati wa kukisukuma, na kikombe hakikufika mwisho. Hicho kifunguliwe. Kikiwa kigumu kidogo pande zote, gonga sikio la uma kwa nyundo ya shaba ili vikombe virudi nje vikalie serklipsi (pete zinazovizuia visitoke). Nyundo isiguse bomba hata siku moja: bomba likibonyea, kardani imekwisha.

Serklipsi ndizo zinazoweka krwaziyo katikati. Pande mbili za uma mmoja zitumie unene uleule. Ukiweka nene huku na nyembamba kule, bomba zima linazunguka nje ya kitovu chake na mtetemo ni lazima. Wauzaji wengi wanatoa saizi moja tu ndani ya boksi, na watu wanafunga hivyohivyo.

Na kwaruza matope. Udongo wetu mwekundu ukikauka upande mmoja wa bomba ni uzito tosha. Ukikwaruza, tafuta vibati vidogo vya uzito vilivyochomelewa. Alama ya kuchomelea bila kibati maana yake kimoja kimedondoka.

Kampemba_5L
Asanteni, wakubwa. Alama hazikuwekwa. Uma wa mbele ukisimama wima, wa ponti umelala kidogo, kama meno mawili. Halafu raba ya rulma ya katikati imechanika upande wa chini.

Fundi_Katuba
Basi umeshaupata. Toa kipande cha nyuma, vuta meno, rudisha uma kwenye usawa. Ile flanji ya katikati ina bulo nne: ukiizungusha robo duru, mpangilio na kipande cha mbele unaharibika. Ukiizungusha nusu duru, mpangilio unabaki ila balansi inaweza kubadilika. Bulo za flanji kwa Hilux nyingi za wakati ule ni 74 Nm, na nati ziwe mpya.

Rulma ya katikati ibadilishe pamoja na raba yake. Nati yake ikaze kwa nguvu kwanza ili rulma ikae, ilegeze, ikaze tena kwa kipimo cha kitabu, kisha bonyeza ukingo wake kwa patasi isijifungue. Bulo mbili za kushikilia kwenye chasi ziache nusu-nusu, gari ishuke chini kwa magurudumu yake, sukuma mbele na nyuma, ndipo ukaze. Raba isibaki imevutwa upande mmoja.

Resori_Ruashi
Lamu zile zilizoongezwa nazo zina neno. Nyuma ikipanda, kipande cha nyuma kinateremka kwa pembe kali zaidi. Pima kwa programu ya kupima mwinamo kwenye simu, gari ikiwa na mzigo wake wa kawaida: bwati (sanduku la gia), bomba la mbele, bomba la nyuma, pua ya ponti. Tofauti ya mwinamo kati ya vipande vinavyokutana ndiyo pembe ya krwaziyo. Zile mbili za kipande cha nyuma ziwe karibu sawa, zisipishane zaidi ya digrii 1, na kila moja ikibaki chini ya 3 ni vizuri. Zisipolingana, kabari za chuma kati ya resori na ponti zinarekebisha.

Turnere_Likasi
Ukimaliza hayo yote na bado kunabaki mvumo mdogo, ndiyo saa ya balansi. Funga kolie (klipu ya chuma) ya mpira wa radiateri kwenye bomba karibu na ponti, skrubu yake, ambayo ndiyo uzito, ikiwa juu, ujaribu barabarani. Isogeze robo duru, ujaribu tena, mpaka upate pahali ambapo mvumo ni mdogo kabisa.

Na grisi: lithium namba 2, sukuma krwaziyo mpaka ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kwenye meno, pampu chache tu. Ukijaza, kiungo hakiwezi kuingia resori zikishuka, na kinasukuma rulma ya katikati.