MREJESHO: Santuri za jazi zilizochapwa upya, mikwaruzo na piano inayoyumba

Wakuu, asanteni sana. Kwa ambao hawakuona swali langu: niliuliza kama nisake santuri halisi za Blue Note (kampuni ya jazi ya Marekani) za miaka ya 1950 au nichukue matoleo mapya, na kwa nini hata mpya zinatoa milio kama ya bisi zikipasuka jikoni.

Nimewasikiliza wengi wenu. Nimechukua matoleo mapya ya Blue Note, ya mfululizo wa Tone Poet ulioanza 2019, yanayoandaliwa na fundi sauti Kevin Gray kutoka kanda asilia za analogi. Blue Train ya mpiga saksafoni John Coltrane, iliyorekodiwa 1957, nimeichukua ya mono (sauti ya mkondo mmoja, si miwili kama stereo). Lo! Besi ya Paul Chambers unaifuata noti kwa noti. Ubishi wa mono na stereo nawaachia wenyewe.

Mliosema nizioshe kabla ya kuzipiga, mlinena. Maji yaliyokeneshwa, kukausha vizuri, kisha mfuko wa ndani wa plastiki laini badala ya karatasi: milio mingi imekwisha. Kurekebisha uzito wa sindano kwa mizani ndogo kumepunguza ukali wa tarumbeta mwishoni mwa upande, ila haujaisha. Kule ndani duara ni dogo, sauti inabanwa.

Kilichogoma ni santuri moja ya kampuni nyingine (siitaji) ambayo tundu lake haliko katikati, hivyo piano inayumba. Hilo halioshwi. Muuzaji alinibadilishia bila maneno. Hii ya pili nayo inayumba, kidogo tu. Nimebaki nayo, maana saksafoni yake ni tamu mno.