Tupeane uzoefu: unapata wapi nafasi ya kukaa na nafsi yako katikati ya pilika za kila siku?

Mleta mada

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Leo naomba tujadili kitu kimoja kwa utulivu bila kuingia kwenye ligi ya dini ya nani ndo sahihi, maana humu kuna Waislamu, kuna Wakristo, kuna wasiofuata dini yoyote, na wote tuna nafsi. Swali langu ni hili: wewe mwenye kazi, mwenye watoto, mwenye simu inayolia kutwa nzima, ni saa ngapi unakaa na nafsi yako ukaiuliza leo imeishije?

Nianze mimi. Sehemu yangu ni mlangoni kwangu jioni. Nikifika sigongi hapo hapo, nasimama kwanza nausikilizia mwili. Mara nyingi nakuta mabega yamepanda, taya limekaza, na kichwani bado nabishana na mtu wa kazini ambaye yeye mwenyewe keshalala na hilo jambo hana habari nalo. Basi najiuliza, nimebeba nini? Na hiki nilichobeba, waliomo ndani kinawahusu? Asilimia kubwa hakiwahusu kabisa. Navuta pumzi, naitoa taratibu sana, namshukuru Mungu kwa kunifikisha salama, alafu ndo nagonga. Ni muda mfupi mno, jirani akiniona atadhani natafuta funguo, lakini mimi kwangu hiyo ni ibada kamili kwa sababu inaamua watoto wangu wanapokea baba wa namna gani usiku huo.

Haya karibuni, semeni vitu mnavyofanya kweli, sio vya kusoma.

Mchangiaji wa kwanza

Asalaam aleykum ndugu zangu. Kwetu hili jambo linaitwa muhasaba, yaani kujihesabu, na msingi wake uko kwenye Surat Al-Hashr aya ya 18, pale tunapoambiwa kila nafsi iangalie imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Na kuna yale maneno yanayopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.), khalifa wa pili, jihesabuni kabla hamjahesabiwa.

Mimi nafanya baada ya Isha kabla sijanyanyuka kwenye mswala. Sala tano zimeshaigawa siku vipande vipande kwahiyo nafuata humo humo, baina ya Alfajiri na Adhuhuri nilimjibu nani vibaya, baina ya Alasiri na Magharibi ulimi wangu ulikuwa wapi, haki ya nani iko mkononi mwangu na sijamrudishia. Naanza na kushukuru kwanza, hili nalisisitiza, kwa sababu ukianza na lawama nafsi inajitetea na hapo hupati kitu.

Ila niseme ukweli, kinachonikalisha muda mrefu sio yale mabaya, mabaya yanajulikana. Ni yale mema. Nilimsaidia yule mzee kwa ajili ya Allah au kwa sababu shemeji alikuwa anatazama? Pale kwenye riya, yaani kutenda jema ili watu wakuone, ndo pagumu, na hakuna binadamu anaweza kukujibia, ni wewe na Mola wako tu. Nikiona nia ilichanganyika, siku ya pili natafuta jema dogo nilifanye kwa siri, hata mke wangu asijue. Nia inasafishwa kwa vitendo jamani, sio kwa kuifikiria tu.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada ubarikiwe kwa uzi huu. Mimi ni nesi na ni Mkatoliki. Kwa Wakatoliki kuna utaratibu aliouacha Mtakatifu Inyasi wa Loyola karne ya 16, aliyeanzisha Wajesuiti, wa kupitia siku yako mbele za Mungu: unashukuru, unaomba mwanga ujione ulivyo, unaipitia siku, unaomba msamaha, unapanga kesho na neema yake. Wajesuiti wanaufanya mara mbili, mchana na usiku. Sasa mimi kwenye zamu hiyo mchana naitolea wapi? Nimeihamishia kwenye sinki.

Kazi yetu ni kunawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa, na Shirika la Afya Duniani linashauri kunawa kwa sabuni na maji kuchukue sekunde 40 hadi 60. Hizo sekunde ni zangu. Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kucha, na wakati huo namkabidhi Mungu mgonjwa niliyetoka kwake, yule wa vidonda, yule anayelia usiku kucha, nikifunga maji namuomba anipe macho ya kumuona anayefuata kama mtu na sio kama namba ya kitanda. Wapo wagonjwa wameniambia dada wewe ukija unatuangalia usoni. Sijawahi kuwaeleza sababu.

Usiku nyumbani nasema Zaburi ya 139, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu", nalala.

Mchangiaji wa tatu

Mimi sina dini ila naheshimu mliyoyaandika. Nilikuja kwenye haya mambo kupitia mafunzo ya umakinifu (mindfulness), ile programu ya wiki 8 aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani kwa ajili ya watu wenye maumivu sugu na stresi. Mizizi yake iko kwenye mafundisho ya Buddha ila pale inafundishwa bila dini. Unakaa, unafuata pumzi, akili inatoroka, unaiona imetoroka, unairudisha bila kuigombeza, inatoroka tena. Watu wengi wanaacha wakidhani wameshindwa kwa sababu akili inatangatanga, kumbe kule kuigundua na kuirudisha ndo zoezi lenyewe.

Naomba niongeze jambo ambalo walimu wengi hawalisemi mapema. Ukimya sio salama kwa kila mtu kila wakati. Nilipofiwa na mama, nikikaa nikafumba macho kifua kinabana, zinakuja picha za zile siku za mwisho, natetemeka. Mwalimu wangu akaniambia fungua macho, simama, tembea, sikilizia nyayo zinavyokanyaga chini, taja kimoyomoyo vitu unavyoviona mbele yako. Hivyo ndivyo nilivyopita kipindi kile, pamoja na kwenda kwa mshauri nasaha. Kwahiyo kama umepitia jambo zito na kila ukitulia linakuvamia, usijilazimishe kukaa kimya peke yako gizani, anza na kutembea na tafuta mtu wa kukushika mkono.

Mchangiaji wa nne

Wenzangu mnaongelea mlangoni, mswalani, kwenye sinki, mimi nina mtoto mchanga na mkubwa wake bado hajaacha kulia akiona mdogo ananyonya, utulivu sina. Nilichofanya ni kuacha simu chumba kingine wakati wa kunyonyesha usiku. Hicho tu. Namuangalia anavyomeza, kidole chake kinavyoshika nguo yangu, nafsi inatulia yenyewe. Lakini nina swali kwa wote. Mkijichunguza haigeuki kuwa kujilaumu? Maana mimi nikianza kupitia siku naishia kuona mimi ni mama mbaya, na silali.

Mchangiaji wa pili

Dada yangu pole sana, na wewe sio mama mbaya. Hilo limewapata hata watakatifu. Inyasi mwenyewe alipokuwa Manresa, mji wa Hispania, mwaka 1522, alisumbuliwa mno na dhamira yake, anaungama dhambi zile zile tena na tena bila kupata amani mpaka akajaribiwa kujiua. Alipona pale alipotambua kwamba ile sauti ya kumsukuma arudie rudie haikutoka kwa Mungu, akaamua ya zamani yaliyokwisha kuungamwa hayarudii tena. Mimi kipimo changu ni hiki, mawazo yakinionyesha cha kufanya kesho, nimuombe fulani radhi, nilale mapema, basi nayapokea. Yakiniambia tu mimi sifai, nayafungia nje. Na hii hali ya kukosa usingizi na kujiona hufai baada ya kujifungua mwambie mkunga au daktari wako ukienda kliniki, usisubiri, huwa ina tiba.

Mchangiaji wa kwanza

Naunga mkono dada nesi. Toba ina mwisho, ukishatubu na kurudisha haki ya mtu unasonga mbele. Kukata tamaa na rehema za Allah ni jambo lililokatazwa. Na mama anayenyonyesha usiku wa manane yuko kwenye ibada kubwa, asiidharau.

Mchangiaji wa tano

Mimi dereva wa basi. Kabla sijawasha gari nakaa kwenye kiti nasema, hawa watu wote wana wanaowasubiri. Ndo naondoka.

Mleta mada

Mkuu dereva umenigusa. Swali moja, abiria akikutolea maneno mabaya gari likiwa linatembea unafanyaje, maana hapo hakuna kusimama mlangoni kama mimi?

Mchangiaji wa tano

Hapo naangalia mikono yangu ilivyoshika usukani kwa kuihisi tu, macho yako barabarani. Ikiwa imekaza nailegeza kidole kimoja kimoja. Simjibu mpaka imelegea yote, na ikishalegea mara nyingi jibu nililokuwa nalo limeshabadilika. Yakizidi naacha kondakta aongee nae. Kuna wenzangu wa malori ya masafa marefu humu, nao waje waseme, wale wanakaa peke yao na mawazo usiku mzima.