Ekstano (diski ya nje) imeanguka, Windows inataka nifomati, picha za harusi zote ziko humo

kamera_moro: Wakuu habari, naombeni msaada wa haraka. Nina ekstano ya TB 1, siyo SSD, ni zile zenye sahani zinazozunguka ndani. Mtoto kavuta waya ikadondoka toka mezani huku inasoma. Sasa hivi nikichomeka laptopu inaiona ila baada ya muda mrefuuu, alafu Windows inaniambia nifomati ndo niitumie. Humo kuna picha za harusi na bi harusi mmoja bado sijamkabidhi za kwake. Fundi wa hapa mtaani anataka apige chkdsk (ile amri ya Windows ya kukagua diski), jirani anasema niiweke friza. Nifanyeje?

mzee_wa_draiva: Kubali fomati ile ya haraka, ikimaliza piga Recuva (programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa), zinarudi zote. Mi nilifanya kwa fleshi ikakubali

binti_terminali: Samahani kaka @mzee_wa_draiva, kwa fleshi isiyo na ubovu iliyofutwa kwa bahati mbaya sawa, ila hii imeanguka. @kamera_moro usifomati na friza sahau kabisa, ikitoka huko inashika unyevu ndani. Kwanza nijibu, ukiichomeka inagonga? ile tak tak tak? Kama inagonga chomoa na usiiwashe tena, maana kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kimeumia na kila ikizunguka kinazidi kukwaruza sahani zenye data, hapo ni wataalam wenye chumba kisicho na vumbi tu, anayetaka kuifungulia mezani mkimbie.

kamera_moro: Haigongi dada, inazunguka kawaida ila inakwamakwama

binti_terminali: Afadhali. chkdsk hapana, yenyewe kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili siyo kuokoa picha, na inaandika humohumo kwenye diski mgonjwa. Wewe toa nakala ya diski nzima kwanza, alafu hangaika na nakala. Azima diski isiyo na ubovu ya TB 2, washa laptopu kwa Linux ya kwenye fleshi, weka ddrescue, programu ya kunakili diski mgonjwa (kwa Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue) kisha:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdX /mnt/mpya/nakala.img /mnt/mpya/nakala.map`

Hiyo /mnt/mpya ni pale ulipofungulia ile diski ya TB 2. Hapo kwenye sdX ni jina la diski mgonjwa, angalia kwa lsblk (amri ya kuorodhesha diski) ndo uandike, ukikosea diski ndo basi tena. Hiyo -n inaiambia isikomae na sehemu mbovu, ichukue zinazosomeka kwanza. Ikiisha rudia, toa -n weka -r3, ila faili la .map liwe lilelile, ndo linakumbuka imefika wapi, hata umeme ukikatika unaendelea.

Juma wa Linux: Naongezea, hiyo diski ya kupokea isiwe na fomati ya FAT32 maana haibebi faili linalozidi GB 4, fanya NTFS au ext4. Nakala ikiwa tayari ifungue kwa TestDisk (programu ya kuokoa data), ukibahatika folda na majina vinarudi vilevile. Ikigoma ndo PhotoRec, inayotafuta picha moja moja, inakuja pamoja na TestDisk na ni bure, ila majina yote yanapotea, utakaa na f0012345.jpg unachambua nani ni nani 😅

mzee_wa_draiva: Sawa nimeelewa. Na ingekuwa SSD?

binti_terminali: SSD ukishadeliti au kufomati kuna TRIM, yenyewe inasafisha nyumanyuma huku umekaa, kwa hiyo mara nyingi hamna cha kuokota. Hizi za kuzunguka zina huruma kidogo. @kamera_moro ikianza kugonga katikati ya kazi piga Ctrl+C uchomoe, usisubiri imalize.