Mjadala: Kiwanda cha magari cha nchi kikifilisika, kiokolewe au kiachwe kife?

Karani wa Zamu
Wakuu, salaam. Naleta mada, naomba tujadili bila matusi.

Kampuni za magari za Marekani, GM (General Motors) na Chrysler, zilifilisika 2009, zikipishana kama mwezi mmoja. Serikali ya Marekani ilikuwa imeshaanza kumwaga fedha tangu Desemba 2008, na mwisho wa hesabu sekta ya magari ilimeza takriban dola bilioni 80. Sehemu kubwa ilirudi, lakini kwa GM peke yake mlipa kodi alibaki na hasara ya bilioni 11 hivi.

Australia walikata shauri jingine. Desemba 2013 waziri wa fedha, Joe Hockey, alisimama bungeni akaitaka GM iseme wazi: mnabaki au mnaondoka? Kesho yake GM ikatangaza inaondoka. Ford walishasema watafunga, Toyota nao wakafuata, na Oktoba 2017 kiwanda cha mwisho, cha Holden, tawi la GM, pale Elizabeth, kikazima mashine.

Nani alikuwa sahihi? Mimi nasema Marekani. Kiwanda cha magari ni shule ya mafundi, kikifa hukifufui kwa tamko. Na hawa wanaoimba "soko liamue", wengi wao hawajawahi kushika spana.

Mhasibu Mkali
Spana nimeshika, tena sana, kwa hiyo usinianze. Tangu lini kushika spana kumekuwa shahada ya uchumi?

Wewe uliyeshika, tueleze hili. Kuanzia 1984 GM ilikuwa na mkataba na chama cha wafanyakazi, UAW, kwamba mtu akiondolewa na mashine mpya anaendelea kulipwa karibu mshahara wake wote. Anaripoti asubuhi, anakaa chumbani, anasoma gazeti, anacheza karata, jioni anarudi kwake. Mpango huo uliishi mpaka 2009. Halafu muuza duka anayelipa kodi aambiwe achangie kuwaokoa hao? Wavivu watupu.

Dada Msumari
Mhasibu, neno "wavivu" lifute. Umeongea kama mtu ambaye hajawahi kusimama kwa saa nane akifunga boliti ile ile.

Nenda kasome habari za Fremont, California. GM walifunga kiwanda kile 1982, kila mtu akisema wafanyakazi wake ni watoro na walevi. 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa wale wale. Chama kile kile. Muda si mrefu magari yao yakawa miongoni mwa yenye kasoro chache kabisa Marekani.

Kilichobadilika ni utawala. Zamani laini ya kuunganisha ilikuwa haisimami hata mbingu zianguke. Mlango umekaa upande? Pitisha, watarekebisha mbele. Kwa Toyota kuna kamba inapita juu ya laini, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta. Kiongozi wa kikundi anakuja pale pale, na wasipoimaliza kwa haraka laini inasimama. Mtu wa chini kabisa anaruhusiwa kusimamisha kiwanda! GM waliiona kamba hiyo kwa macho yao 1984 na bado wakafilisika 2009. Sasa mvivu ni nani, mfunga boliti au mwenye suti?

Mhasibu Mkali
Mwenye suti hakujiwekea mkataba wa kulipwa akicheza karata.

Dada Msumari
Mwenye suti ndiye aliyeusaini huo mkataba. Na mwenye suti ndiye aliyepanda ndege binafsi kutoka Detroit, mji wa magari, hadi Washington kwenda kuomba msaada, Novemba 2008. Wakuu watatu wa GM, Ford na Chrysler, kila mmoja na ndege yake! Wangepeana lifti angalau.

Bwana Shamba
Nimecheka hapo kwenye lifti. Ila wote mmeacha mchawi halisi. Magari ya Marekani yaliuawa na kuku.

Karani wa Zamu
Bwana Shamba, mada ni nzito, tafadhali.

Bwana Shamba
Nami niko makini. Miaka ya sitini Wazungu wa Ulaya waliona kuku wa Marekani wa bei poa wanawamaliza wafugaji wao, wakapandisha ushuru. Kennedy akakasirika, akalipiza kwa ushuru wa asilimia 25 kwenye pikapu na vani kutoka nje. Ugomvi wa kuku ulishasahaulika, lakini ushuru wa pikapu uko mpaka kesho. Wanauita kodi ya kuku.

Ndiyo maana kampuni za Detroit zikalala kwenye pikapu. Huko hakuna mshindani, faida ni nono. Kwenye magari madogo, ambako Mjapani alikuwa anaruhusiwa kuingia, wakapigwa mchana kweupe. Ukimlinda mtu kwa miaka hamsini, usishangae akishindwa kukimbia.

Mchambuzi wa Bure
Si Kennedy. Ni Johnson, alisaini Desemba 1963, Kennedy ameshauawa. Na haikuwa pikapu peke yake, walitia na brandi na wanga wa viazi.

Bwana Shamba
Kennedy, Johnson, ushuru ni ule ule. Kuku hajali nani alisaini.

Spea Orijino
Hii ya kuku mbona tamu hivi. Kuna mtu aliwahi kuniambia Subaru waliweka viti vya plastiki kwenye bodi la nyuma la pikapu ili iitwe gari la abiria. Kweli au stori za kijiweni?

Mchambuzi wa Bure
Kweli kabisa. Iliitwa BRAT. Viti viwili nyuma, abiria anatazama lilikotoka gari, upepo wote wake.

Lakini kituko kikubwa ni cha Ford wenyewe. Vani yao ya Transit Connect ilikuwa inaundwa Uturuki. Ikija na viti vya nyuma, ni gari la abiria, ushuru asilimia 2.5. Ikija bila viti, ni gari la mizigo, 25. Basi inashuka bandarini Baltimore na viti vyake, madirisha yake, mikanda yake. Ikishavuka forodha, jamaa wanang'oa viti, wanatoa vioo vya nyuma wanaziba kwa bati, na vile viti vipya vinakwenda kusagwa. Vani ya mizigo imezaliwa. Kesi ilisumbua miaka, mwisho 2024 Ford wakakubali kulipa dola milioni 365 yaishe. Kampuni ya Kimarekani, imenaswa na ushuru unaowalinda Wamarekani!

Dada Msumari
Viti vipya vinasagwa? Hii dunia ina laana.

Spea Orijino
Mimi nilitaka tu nijue walivipeleka wapi, ningeomba viwili.

Karani wa Zamu
Jamani. Niliuliza Marekani na Australia, nani alikuwa sahihi. Kuku waachwe walale.

Fundi Kimya
Huwa nasoma tu, leo nachangia kidogo.

Mwishoni mwa 2008 mkuu wa Ford, Alan Mulally, alikwenda Bunge la Marekani kuunga mkono washindani wake waokolewe, ilhali Ford haikuchukua fedha ile ya dharura. Kwa nini mfanyabiashara amwombee mpinzani wake? Kwa sababu anayetengeneza viti vya GM anatengeneza na vya Ford. Vivyo hivyo anayechonga bomba za breki, anayefuma nyaya za umeme, anayemwaga plastiki ya dashibodi. GM ikifa ghafla, karakana hizo zinakosa fedha ndani ya wiki chache, na Ford inakwama kwa kukosa kipande kidogo tu, ingawa yenyewe ni nzima.

Kwa hiyo swali la kuokoa kampuni au kutoiokoa, kwangu, linaanzia kwa wale wa vipuri. Jina lililobandikwa kwenye boneti linafuata baadaye. Australia, kampuni tatu za mwisho zilitegemea wachonga vipuri wale wale. Ford walipotangaza, wauza vipuri wakapungukiwa na oda. GM walipofuata, Toyota walijikuta peke yao kwenye soko la vipuri ambalo haliwezi kuishi kwa mteja mmoja. Miezi miwili baadaye nao wakatangaza.

Mhasibu Mkali
Ati Ford haikuchukua fedha? Acha kutudanganya, ndugu. 2009 hiyo hiyo Ford walikopa dola bilioni 5.9 Wizara ya Nishati. Kila mtu alikula, wengine tu walijua kujifuta mdomo.

Fundi Kimya
Nimesema fedha ya dharura. Ule mkopo ulikuwa wa kubadili viwanda vitengeneze magari yanayokula mafuta kidogo, sheria yake ilipita kabla ya msukosuko kufika kileleni. Na hoja yangu ilikuwa vipuri.

Mhasibu Mkali
Mkopo ni mkopo. Sasa tuingie Australia, maana mleta mada hataki kusikia. Tume yao ya Tija ilionya 2014 kwamba hadi watu 40,000 wangeweza kupoteza kazi. Je, uchumi ulianguka? Australia haikuona mdororo tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini mpaka korona ilipokuja 2020. Viwanda vimefungwa, Ford, Toyota, Holden, vyote, na nchi ikaendelea kunywa kahawa. Sera gani hiyo ya kumlisha ruzuku mtu miaka na miaka ili auze gari ambalo wananchi wenyewe hawalinunui?

Dada Msumari
Nchi iliendelea kunywa kahawa. Elizabeth je? Wewe unasoma wastani wa taifa, mimi nauliza mtaa mmoja kaskazini mwa Adelaide. Baba wa miaka hamsini na tano aliyepiga rangi bodi maisha yake yote, unamwambia akachimbe chuma Pilbara, upande wa pili wa bara?

Halafu usituambie ni ruzuku tu. Wakati ule dola ya Australia ilipanda mpaka ikaipita ya Marekani, 2011 na 2012, kwa sababu Wachina walikuwa wananunua madini yao kama wendawazimu. Kiwanda kilicholipa mishahara kwa dola hiyo kingeshindanaje na Thailand? Madini yalimuua mwenye kiwanda, halafu tunaambiwa alikuwa mzembe.

Mhasibu Mkali
Hapo kwenye sarafu una hoja. Lakini inanisaidia mimi: kama madini yanalipa zaidi, ya nini kung'ang'ania magari?

Mzalendo Halisi
Mnajisumbua. GM ilikuwa na Holden tangu 1931. Kiwanda cha Mmarekani kwenye ardhi ya Australia, mnakililia kama mali ya taifa! Tofautisheni kiwanda cha nyumbani na mgeni aliyepanga chumba.

Mchambuzi wa Bure
Mzalendo, basi tukutane Uingereza. British Leyland ilikuwa ya kwao kabisa, ikataifishwa 1975, fedha zikamwagwa. Mwisho wake sehemu yake iliyobaki, Rover, ikaangukia kwa BMW, na mwaka 2000 BMW wakaiuza kwa Waingereza wazalendo kwa pauni 10. Kumi. Wazalendo hao wakajilipa mamilioni, na Aprili 2005 kampuni ikazama na watu kama 6,000 wa kiwanda chake cha Longbridge wakaenda nyumbani. Leo jina la MG, lililokuwa la kampuni hiyo, ni la Wachina.

Sasa tazama Sunderland, huko huko Uingereza. Kiwanda cha Nissan, mgeni aliyepanga chumba, kipo tangu 1986. Mwingereza wa kule anakula mshahara wa Mjapani miaka yote hiyo, wakati wa Longbridge alikuwa na bendera tu.

Mzalendo Halisi
Mshahara anakula, faida inapanda ndege. Na siku Mjapani akiamka vibaya akafunga, utamshtaki wapi? Wewe ni mtumwa uliyezoea.

Mchambuzi wa Bure
Mtumwa? Ukishindwa kuzijibu pauni kumi unaanza kunipa majina.

Spea Orijino
Pauni kumi ningeinunua mimi Rover. Viti bado vilikuwemo?

Karani wa Zamu
Naona tumefika kwenye umiliki, sawa, si mbali sana na mada. Ila Fundi Kimya alisema jambo kuhusu vipuri na hakuna aliyemjibu zaidi ya kumkamata kwenye mkopo. Mhasibu, tuseme Elizabeth iachwe ife. Na karakana mia za vipuri nazo ziachwe?

Mhasibu Mkali
Karakana nzuri itapata mteja mwingine. Atengeneze vipuri vya ndege, vya mashine za hospitali, vya chochote.

Fundi Kimya
Kalibu ya kumwaga dashibodi ya Commodore, gari la Holden, haimwagi kitu kingine zaidi ya dashibodi ya Commodore. Kalibu moja ni chuma cha tani kadhaa, ilikopewa benki, na ilipangiwa kulipa deni kwa miaka ya modeli ile. Modeli ikikatwa katikati, deni linabaki na kalibu inauzwa kwa kilo. Ujuzi ndio unaoweza kuhamia kwingine, na huo unahitaji muda. Muda ndio kitu pekee ambacho Marekani ilinunua 2009.

Bwana Shamba
Ilinunua muda ikafanyia nini? Ikarudi kwenye pikapu zile zile nyuma ya ushuru wa kuku. Na 2024 wakapandisha ushuru wa magari ya umeme ya China mpaka asilimia 100. Ulaya nao wakafuata na wa kwao, mdogo zaidi. Volkswagen, kampuni ya Kijerumani ambayo vani zake ziliumizwa na kodi ya kuku, Desemba 2024 ilikubaliana na wafanyakazi kupunguza kazi 35,000 hapo Ujerumani ifikapo 2030. Mtasema nao ni wavivu?

Dada Msumari
Asante. Mhasibu, jibu hilo.

Mhasibu Mkali
Nitajibu. Wajerumani si wavivu, walijiamini kupita kiasi na injini ya dizeli. Na ushuru wa asilimia 100 siuungi mkono, kama ambavyo siungi mkono kuokoa mtu. Mchina ameleta gari zuri kwa bei ndogo, mnunuzi afaidi.

Mzalendo Halisi
Gari zuri kwa bei ndogo kwa ruzuku ya nani? Serikali ya China imelisha viwanda hivyo kwa miaka. Kwa hiyo ruzuku ya Mmarekani ni dhambi, ya Mchina ni ubunifu? Chagua upande mmoja, mhasibu.

Mhasibu Mkali
Ya Mchina inalipwa na mlipa kodi wa China. Akitaka kuninunulia gari, mimi ni nani nikatae?

Fundi Kimya
Na siku akiacha kukununulia, kalibu utaitoa wapi?