Mtwara mjini: mbaazi tumeziacha kwa kukosa pesa au kwa kutaka sifa?

Wadau wa Kusini, naleta mada tubishane kwa hoja, matusi pembeni.

Pita stendi jioni uone watu wazima, wenye familia zao, walivyojipanga kusubiri zege, yaani chipsi mayai. Muuza chipsi sina ugomvi naye, anatafuta riziki. Ugomvi wangu ni sisi ambao mgeni akibisha hodi tunakimbilia wali kuku, sufuria ya mbaazi tunaifunika kama tumefumaniwa. Mbaazi, kunde, muhogo, ming'oko (mizizi ya porini), vyote siku hizi ni "vyakula vya shamba". Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, bei ikaporomoka na wakulima wetu wakabaki na magunia. Sikuona sahani za mjini zikibadilika.

Na hili la sahani linagusa afya: utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha, na kama 9 katika kila 100 wana kisukari. Kwa hiyo tusijidanganye kuwa ni maradhi ya vigogo. Msimamo wangu: ni sifa, wala si umaskini.

Wa Magomeni: Mleta mada, inaonekana wewe unapikiwa. Mimi nimepanga chumba kimoja, narudi giza limeingia. Mbaazi kavu hata uziloweke tangu asubuhi, zitakaa jikoni saa nzima na zaidi, mkaa unateketea, na nazi bado hujakuna. Zege nasubiri nimesimama, nakula, nalala, sina sufuria ya kuosha. Umepiga hesabu ya mbaazi ukaruka ya mkaa.

Wa Ligula: Halafu muhogo msiupambe sana. Ugali wa muhogo ni wanga, protini kiduchu. Uliwafaa wazee kwa sababu walishinda na jembe, sisi tunashinda kwenye kiti na bodaboda. Na muhogo mchungu usipoandaliwa vizuri una sumu. Mmesahau konzo iliyopooza watu miguu wilaya ya Mtwara mwaka 2002 na 2003? Ya zamani si yote dawa.

Wa Mikindani: Kaka zangu, mnabishana utadhani mbaazi haziuzwi mjini. Asubuhi si mnazila na maandazi? Kuna mama kaamka alfajiri kuwapikia, saa nne kashamaliza, kaosha vyombo karudi kwake. Ikifika jioni, mwenye moto barabarani ni wa chipsi na wa mishikaki. Mtu mwenye njaa anakula kilicho mbele yake. Sifa inaingilia wapi hapo?

Mleta mada: Wa Magomeni, mkaa ni hoja kwa mpangaji. Haimhusu mwenye nyumba yake Shangani, ana gesi, ana dada wa kazi, na bado mbaazi kwake hazipiti mlangoni. Na harusini je? Nani kaalikwa akakuta mbaazi za nazi zimepelekwa meza kuu? Wa Ligula, mbona mbaazi umezikwepa, ukaukamia muhogo peke yake?

Dada wa Mikindani amenipa la kuuliza. Anayejua mahali hapa mjini panapouzwa mbaazi za nazi baada ya magharibi aweke mtaa hapa. Nitakwenda na huyo wa Magomeni, nalipa mimi.